Opereta na Kaburi Namba Nane

Siku Masatu alipoingia Posta ya Musoma, miguu mitatu ya chombo chake cha kupimia ardhi ilitangulia kuingia. Ikamgonga bega mama mwenye ndoo ya dagaa, ikamvua kofia askari jela, kisha ikakwama mlangoni. Foleni nzima iligeuka ikamtazama kwa heshima anayostahili mtu aliyeziba mlango wa serikali.

"Kaka, ama uingie ama utoke," ilisema sauti kutoka dirisha la simu. "Hapo ulipo umekuwa pazia."

Ulikuwa mwaka 1988. Sabuni ya kuogea ilikuwa imerudi madukani mtaa wa Mukendo baada ya miaka ya kuogea majani ya mpapai, na watu walikuwa wakinukia kwa makusudi. Hyasinta, opereta wa swichibodi, alivaa gauni la kitenge rangi ya machungwa, mabega yamesimama kama yamepandishwa cheo. Alimtazama yule kijana: mrefu, jinzi ya mitumba iliyopunguzwa kwa mkasi, shati jeupe lenye vumbi la Bunda mpaka kwenye kola. Moyo wake ukafanya jambo ambalo kanuni za Posta hazikuliruhusu saa za kazi.

"Nataka simu ya Dar es Salaam," alisema Masatu zamu yake ilipofika. "Ni ya haraka."

"Kila anayesimama hapo ana haraka. Ya kwako inahusu nini?"

"Reli. Kutoka Arusha mpaka hapa Musoma. Nchi tatu zimekubali kutoa fedha. Treni itakwenda kilomita mia na ishirini kwa saa."

Foleni ikacheka. Basi lililotoka Mwanza juzi lilikuwa bado halijafika.

"Mia na ishirini kwa saa," alisema Hyasinta akichomeka waya, "na mlango umekushinda. Jina?"

"Masatu."

"Masatu, mbona unaongea kama mtu wa Tabora?"

"Baba alikuwa wa huku, fundi wa reli. Mimi nimezaliwa kwenye nyumba za reli, Tabora."

"Kumbe. Jina la kwetu, masikio ya kuazima. Nenda chumba namba mbili, simu yako iko tayari."

Simu ya Dar ilichukua dakika sita. Mazungumzo ya dirishani baada ya hapo yalichukua arobaini, na yule mama wa dagaa aliyasikiliza yote bila kulalamika.

Tangu hapo, kila jioni saa kumi, Masatu alipiga simu kutoka Posta ya Bunda, ambako timu ya wapimaji ilikuwa imepanga gesti.

"Leo tumesimika vigingi arobaini na viwili, mpenzi."

"Nani mpenzi wako? Mimi ni mtumishi wa umma."

"Basi, mtumishi wa umma, leo tumesimika vigingi arobaini na viwili, na kila kimoja kimenisogeza kwako mita hamsini."

"Kwa mwendo huo utafika nimestaafu," alisema Hyasinta. Petronila, mwenzake wa swichibodi, alimwona anatabasamu peke yake kama mtu aliyeokota kitu.

Jambo moja tu Hyasinta alilificha. Masatu alipomuuliza kwao ni wapi, alijibu, "Njia ya Butiama, huko huko," akabadilisha mazungumzo. Alikuwa na sababu. Reli ingepita katika shamba la baba yake, mzee Kasmiri, na njia nzima watu walikuwa wakiwawinda wapimaji kwa kuku na maziwa ili waandikiwe fidia nono. Hakutaka mtu aseme binti Kasmiri alipenda vigingi kabla ya kumpenda mwenye kuvisimika.

Kisha yakaja makaburi. Ilivuma kwamba kila kaburi litakalohamishwa litalipiwa. Wiki haikuisha, vijiji vyenye watu wenye afya njema vikaota marehemu wengi. Mkuu wa Masatu akamwagiza ayahakiki yote na kutoa taarifa kabla ya Ijumaa, maana siku hiyo orodha ingekwenda kwa wafadhili.

Jumatano Masatu alipiga simu ya Dar kutoka Bunda, na simu za Bunda zilipitia Musoma. Hyasinta akaunganisha, akabaki sekunde chache kuhakikisha laini inasikika, kama kazi ilivyomtaka.

"Makaburi ya uongo ni manane, mkuu," Masatu alikuwa anasema. "Saba udongo wake bado mbichi. La nane ndilo kiboko. Kijiji cha njia ya Butiama, kwa mzee Kasmiri. Limejengewa saruji, lina msalaba umeandikwa Renatus. Jirani amekiri kwamba ndani hamna mtu. Kuna mgomba. Wamezika mgomba, mkuu, tena kwa sala." Akacheka.

"Yote manane yafutwe," alisema mkuu. "Majina ya wenyewe yasomwe kwenye mkutano wa hadhara ili wengine wakome. Katapila likija lipite juu."

Hyasinta alichomoa waya, akakaa ameushika mkononi.

Renatus alikuwa kaka yake. Miaka mitano nyuma alikwenda kuvua ziwani na wenzake wa Murangi, mtumbwi ukapinduka karibu na Kisorya. Walitafuta siku tisa. Siku ya kumi mzee Kasmiri alikata mgomba wenye urefu wa mwanawe, akauvika shati la Renatus, katekista akaongoza sala, wakauzika, kama ukoo wao ulivyowazika siku zote wale ambao ziwa halikuwarudisha. Siku hiyo ndipo mama yake alipoanza tena kula. Sasa jina la baba lingesomwa mbele ya watu wote kati ya matapeli, na Renatus angepotea mara ya pili.

Kuanzia hapo, huduma ya simu kati ya Bunda na sehemu nyingine za dunia iliingia matatani. Masatu aliomba opereta wa Musoma, akapata gereza. Akaomba tena, akapata ghala la samaki, ambako mtu alimsomea bei ya sangara bila kuulizwa. Mara ya tatu akapata sista mmoja wa misheni, akajikuta anaahidi kwenda kuungama.

"Hyasinta, utafukuzwa kazi," alisema Petronila.

"Laini mbovu, dada. Si unajuaga."

Alhamisi mchana Masatu alitokea dirishani mwenyewe, kaja kwa lori la pamba, nyuzi nyeupe zimemganda nywele zote.

"Nimekukosea nini?"

"Namba nane," alisema Hyasinta.

"Namba nane ipi?"

"Ile iliyokuchekesha. Renatus Kasmiri. Na mimi ni Hyasinta Kasmiri. Huyo ni kaka yangu."

Hyasinta akamweleza yote, kwa sauti ya chini, ile aliyoitumia kuwasomea watu telegramu za msiba. Mtumbwi, siku tisa, shati. Foleni ilirudi nyuma hatua moja bila kuambiwa.

"Sikujua," alisema Masatu.

"Una jina la huku, ungeuliza. Ulimuuliza jirani kama kuna mtu ndani. Hukumuuliza kwa nini hayumo."

"Na wewe hukuniambia kwamba pale ni kwenu."

"Sikukwambia," alisema Hyasinta. "Hilo ni langu, nitalibeba. La kwako utalifanyaje?"

Masatu alifuta pamba usoni. "Niunganishe na Dar. Na usitoke kwenye laini."

Akamuunganisha, safari hii bila kupitia gerezani. Mkuu alifoka mpaka chombo cha masikioni kikatetemeka: orodha imeshachapwa, wafadhili wanataka mabaki ya mwanadamu, si ya shamba.

"Basi waandikie kwamba watu wa huku wanawazika hata wasiopatikana," alisema Masatu. "Lile ni kaburi, mkuu. Nilikosea mimi. Lihamishwe kwa heshima kama mengine, na jina la mzee litoke kwenye hiyo orodha. Chini weka sahihi yangu. Wakiuliza, nitajibu mimi."

"Ukikataliwa utarudi Tabora."

"Nitarudi. Ila wewe kaichape upya."

Ikasikika karatasi ikichanwa. "Lihamishwe Jumamosi," alisema mkuu. "Na uwepo mwenyewe."

Jumamosi asubuhi ukoo ulikusanyika shambani. Katekista alisali, kaburi likafunguliwa. Mgomba ulikuwa umegeuka udongo mweusi, na katikati yake vilibaki vifungo vitatu vya shati. Mama yake Renatus akaviokota, akavifunga kwenye pindo la khanga. Mzee Kasmiri alikata mgomba mwingine wa urefu ule ule, upelekwe kaburi jipya juu ya kilima.

Kuubeba kulitaka vijana wanne wa ukoo. Mgeni haruhusiwi hata kugusa. Walijitokeza watatu. Wa nne alikuwa machimboni na hakupata habari. Watu wakatazamana.

Masatu akavua kofia, akasogea.

"Wewe kijana wa reli," alisema mzee Kasmiri, "unabeba kama nani?"

Masatu alimtazama Hyasinta. Alikuwa amevaa gauni jeusi la mikono mirefu, na uso wake haukumsaidia kitu, ulimngoja tu.

"Kama mkwe wako, baba. Binti yako akinikubali, na wewe ukinikubali. Wazee wangu wa Tabora nitawaleta, ila Renatus hawezi kuwangoja njiani."

Mzee akamgeukia binti yake. "Huyu ndiye aliyekuwa anatufuta?"

"Ndiye, baba. Na ndiye aliyeturudisha."

"Unamtaka?"

"Namtaka," alisema Hyasinta, kwa sauti ambayo hata wa mwisho kule nyuma aliisikia bila waya.

Mzee Kasmiri alimpima Masatu kuanzia viatu mpaka mabega.

"Basi shika upande wa shina," alisema. "Ndio mzito."