Vipande Alivyonificha

"Maskini kinyozi wa watu," mume alinong'ona.

Mke akageuka, sindano mkononi, pazia la mteja mapajani. Kwenye runinga kinyozi alikuwa mzima, anacheka na rafiki yake fundi saa. Dakika nzima ikapita. Ndipo risasi ikalia, kinyozi akaanguka.

"Umejuaje?"

"Nimejua nini?"

"Kwamba anapigwa. Si umesema flashi ya tamthilia umeitoa dukani leo hii?"

"Nimekisia tu, mke wangu. Siku hizi humo ndani kila mtu anakufa."

"Na wiki ijayo wanafufuka, nao hawaulizwi walikuwa wapi."

Walicheka, lakini mke alimtazama mumewe kwa pembe ya jicho. Tangu uchumba wao, miaka minne, walikuwa na sheria moja tu: haangalii mtu tamthilia ya fundi saa bila mwenzake. Mwanzoni ilikuwa tamu jamani! Fundi saa akivaa saa yake mbovu anapata nguvu za watu kumi, ila kila akizitumia anasahau kitu kimoja anachokipenda. Siku aliyosahau jina la mkewe, hawa wawili walilia kwa leso moja. Sasa je? Anapaa, anatema moto, hasahau hata deni la sabuni. Watu wanachipuka tu kama uyoga.

"Na huyu mwenye kovu katokea wapi?" mke aliuliza.

"Hata mimi sielewi," mume alijibu, akainuka upesi kwenda kuoga.

Simu yake ikatetemeka kochini. Namba haikuwa na jina.

*Ya leo mkeo asiijue kabisa. Kesho saa kumi njoo, mlango nitauacha wazi.*

Mke aliisoma mara tatu. Masikio yakawaka moto. Kumbe kuna kochi jingine! Kuna mwanamke mwingine anayekaa pale pembeni, anaegemea lile bega, anauliza "huyu katokea wapi" na kujibiwa kwa sauti laini!

Kesho yake saa tisa na nusu alifunga cherehani, akavaa gauni la harusi za watu, akatia mkasi kwenye mkoba. Akajibanza mbele ya karakana ya friji anakofanya kazi mumewe, mpaka alipotoka na begi la spana. Akamfuata. Kona ya kwanza, ya pili, kisha akaona mlango wa buluu anaoufahamu.

"Kwa bibi yake?" alijisemea. "Hata nyumba ya bibi kizee wa watu anaifanyia mambo haya!"

Mlango ulikuwa wazi kweli. Ndani sauti ya mwanamke ikabembeleza: "Nishike mkono, mpenzi. Twende mbali."

Aliusukuma mlango ukagonga ukuta.

"Yuko wapi?"

Mumewe alikuwa mkekani na rimoti. Bibi alikuwa kitini, miguu kwenye beseni la maji ya moto. Mwanamke wa "nishike mkono" alikuwa kwenye runinga.

"Yuko wapi nani, mjukuu wangu?" bibi aliuliza.

"Aliyemwandikia mume wangu ujumbe!"

"Ni mimi. Simu mpya, laini mpya. Na huyo mume nilimpata mimi kwanza, wewe nimekuazima. Weka chini huo mkoba, unashuka kama una nyundo."

Mke akaushusha mkoba begani. Kisha wivu ukarudi kwa mlango wa nyuma.

"Kwa hiyo unaangalia bila mimi?"

Mume aliinamisha kichwa. "Sehemu zote naziangalia hapa kwanza. Iliyo mbovu naifuta, iliyo nzuri naibadilisha namba zifuatane, nakuletea."

"Umefuta ngapi?"

"Tisa."

"Tisa! Ndiyo maana mwenye kovu simjui! Kwa nini unifanyie hivyo?"

"Ulisema mwenyewe ikiharibika utaacha kuiangalia. Na tangu upate kazi ya mapazia, mchana kutwa uko na cherehani. Saa ile moja ndiyo nakupata. Ukiacha, kochi nitabaki nalo peke yangu."

Hapo mkasi ukawa mzito mkobani.

"Kitendawili," bibi akasema.

"Tega," wakaitika wote, maana kwa bibi huyu hakuna kukataa.

"Nimemkata mgeni miguu, kisha nashangaa anachechemea."

"Ni tamthilia yetu, bibi," mume alisema kwa aibu. "Mimi ndiye niliyeikata."

"Irudishe basi," mke alisema, akaketi mkekani. "Anza na hiyo ya jana, kama hujaifuta, mliyosema nisiijue. Mbovu au nzima, naiona na wewe."

Ilikuwa mbovu kweli. Fundi saa alipaa bila sababu, binamu watatu wakafufuka. Mke akabeza, mume akabeza, bibi akalala mdomo wazi.

"Hapa ndipo bibi aliposinzia, nami nikazima," mume alisema. "Mwisho sikuuona."

Zilibaki dakika mbili. Fundi saa alishuka mbele ya nyumba yake, akavua saa, akagonga. Mkewe alipofungua, fundi saa alimtazama kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. Kisha akamwita kwa jina. Lile lile, lililopotea miaka minne.

Mke alitafuta leso, asiione. Akajifuta kwa pindo la shati la mumewe.

"Na hii," akasema kwa sauti ya mafua, akimfinya mkono, "hii nayo ulitaka nisiione?"

Mume alijipapasa mifukoni. Naye alikuwa anatafuta leso.