Fundi Ajifunza Kuachia

Asubuhi hiyo Fundi alishona shati lenye mikono miwili ya kushoto.

Hakuliona kosa lake mpaka mteja alipolivaa. Mkono mmoja ulikaa vizuri. Wa pili ulijikunja begani, ukakataa kunyooka. Mteja alijitazama kwenye kioo. Akageuka, akajitazama tena.

"Fundi," alisema, "mwenye kasoro ni mimi au shati?"

"Ni shati," alijibu Fundi kwa aibu. "Livue, nilirekebishe sasa hivi. Samahani sana."

Nyuma ya pazia mtu aliangua kicheko. Alikuwa Kinyozi, mume wake. Wawili hao walifanya kazi katika chumba kimoja. Upande huu wa pazia palikuwa na cherehani, upande wa pili kiti cha kunyolea. Pazia hilo halikuzuia siri, wala vicheko.

"Kushoto na kulia vimemchanganya," Kinyozi alimwambia mtu aliyekuwa akimnyoa. "Ni kile kigari chake kinachovutwa na tiara. Mguu anausukuma huku, kigari kinakwenda kule. Sasa hata mashati hayajui yaelekee wapi."

 Fundi alifumua mkono wa shati huku kichwa kikimzunguka. Mumewe alisema kweli. Alikuwa amechanganyikiwa, na mkanganyiko huo ulianza kwa kiburi chake mwenyewe.

Fundi alirusha tiara tangu alipokuwa anang'oka meno ya utoto. Alifundishwa na baba yake, ambaye watu wote walimwita Mzee Vuta. Jina hilo lilitokana na neno lake moja. Tiara ikiyumba, alisema, "Vuta!" Ikishuka, alisema, "Vuta!" Hata mgeni aliposhindwa kufungua mlango wa nyumba yake, mzee alipaza sauti kutoka ndani, "Vuta!" Na mlango ule ulikuwa wa kusukuma.

Kwa tiara ya kamba moja, mzee hakukosea. Ukiivuta, inapanda. Ukiilegeza, inashuka. Fundi aliyajua hayo kama anavyojua sindano.

Kisha siku moja alimwona jirani yake, mwalimu wa udereva, kwenye uwanja wa ndege wa zamani nje ya mji. Mwalimu alikuwa ameketi kwenye kigari kifupi cha magurudumu matatu. Hakikuwa na injini. Mbele yake, angani, tiara kubwa ilimvuta. Alikata uwanja wote, akarudi, huku anacheka peke yake. Fundi alikitamani kigari hicho papo hapo.

"Kama unataka chako, njoo kwanza nikuonyeshe," Mwalimu alimwambia.

"Mimi? Tiara?" Fundi alicheka. "Mwalimu, samaki hafundishwi kuogelea."

Basi alimwomba fundi wa kuchomelea amtengenezee kigari. Yeye mwenyewe alishona tiara kubwa ya kamba moja. Jumapili alikwenda uwanjani na mumewe na baba yake. Aliketi kwenye kigari, akaizungusha kamba kwenye kiganja, kama alivyofanya maisha yake yote. Upepo ulipokuja, tiara ilichomoka.

"Vuta!" alipaza sauti Mzee Vuta.

Fundi akavuta. Tiara ikapata nguvu zaidi. Ilimng'oa kitini, ikamburuta juu ya udongo mgumu. Kamba ilikaza kiganjani, na hakuweza kuifungua. Kama tiara isingekwama kwenye kichaka, sijui hadithi hii ingeishaje.

Daktari aliutazama mkono wake kwa muda mrefu. "Mfupa haukuvunjika," alisema. "Lakini kamba kama hiyo inakata kidole. Una bahati."

Njiani kurudi, Kinyozi hakufanya utani hata kidogo, na hilo lilimtisha Fundi kuliko maneno ya daktari.

"Mke wangu," alisema mwishowe, "cherehani bila mkono huo ni chuma tu. Ukiumia tena, kigari kinakwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," alijibu Fundi.  Lakini hakutaka kuuacha upepo.

Mkono ulipopona, alibisha hodi kwa Mwalimu.

"Nimekuja kufundishwa kuogelea," alisema huku ameinamisha kichwa.

Mwalimu alicheka, akamkaribisha ndani. "Kuuliza si ujinga, Fundi. Na wewe si mgeni wa upepo. Taabu yako ni moja. Unajua tiara mno, lakini tiara nyingine."

Somo la kwanza halikuwa na kigari kabisa. Walisimama katikati ya uwanja. Mwenye uwanja alikuwa amewaruhusu. Hapakuwa na miti karibu, wala nyaya za umeme, wala watu wanaopita.

Mwalimu alimvisha kofia ngumu. Kisha alimpa tiara ndogo yenye kamba nne na vishikio viwili, kimoja kwa kila mkono. Chini ya kila kishikio palitoka kikanda cha kuvaa kwenye kifundo cha mkono.

"Upe upepo mgongo," alisema Mwalimu. "Vizuri. Sasa tazama mbele. Tiara ikiwa kulia kabisa, kushoto kabisa au juu kabisa, iko ukingoni mwa upepo. Hapo nguvu yake ni ndogo. Ikiteremka katikati, mbele yako, hapo ndipo inavuta kwa nguvu zote. Mwanzoni usiipeleke hapo."

"Nikivuta mkono wa kushoto?" aliuliza Fundi.

"Inageuka kushoto. Ukivuta wa kulia, inageuka kulia."

"Nikivuta yote miwili?"

"Unaongeza nguvu tu. Kwa nini uvute yote miwili?"

 Fundi alisikia sauti ya baba yake kichwani.

"Basi nikipata shida nitaipeleka juu kabisa," alisema. "Juu ndiko nyumbani kwa tiara."

"Kwa tiara yako ya zamani, ndiyo. Hii unaweza kuipumzisha juu upepo ukiwa mpole. Lakini upepo ukija kwa ghafla, tiara iliyo juu inaweza kukuinua. Wewe unataka kwenda mbele, hutaki kwenda mbinguni."

"Sasa nikichanganyikiwa nifanye nini?"

"Achia."

"Niachie nini?"

"Vishikio. Fungua vidole, basi. Vikanda vya mikononi vimeshika kamba za nyuma tu, zile za breki. Tiara itapoteza nguvu na kuanguka. Haitakwenda popote. Na kamwe usizungushe kamba mkononi, wala usijifunge nayo mwilini."

Fundi alirusha tiara. Iliruka vizuri. "Achia!" alisema Mwalimu. Vidole vya Fundi vilikaza badala ya kufunguka.

Alijaribu tena, vikakataa tena. Alikumbuka siku moja ya utotoni. Alikuwa ameachia kamba kwa bahati mbaya, na tiara nyekundu ya baba yake ikapotelea nyuma ya mapaa. Mzee hakumsemesha kutwa nzima. Tangu siku hiyo, kwa Fundi, kuachia kulikuwa ni kupoteza.

"Sema neno lenyewe kwa mdomo," alimshauri Mwalimu. "Mikono itasikia."

"Achia," Fundi alinong'ona. Vidole vilifunguka. Tiara ilikunjamana, ikaanguka taratibu kwenye nyasi. Aliitazama kwa mshangao. Ilikuwa pale pale.

Walirudia zoezi hilo mpaka mikono ikazoea. Ikazoea kupita kiasi. Jioni, Fundi alipokuwa anamalizia chai, Kinyozi alimwambia, "Niachie kidogo." Kikombe kikaanguka sakafuni.

"Chai, mke wangu!" alilia Kinyozi. "Nimesema uniachie chai!"

Somo la pili lilikuwa la kigari bila tiara. Mwalimu alikisukuma kwa nyuma, na Fundi aliongoza gurudumu la mbele kwa miguu.

"Kata kushoto," alisema Mwalimu.

Fundi alisukuma mguu wa kushoto. Kigari kikakata kulia.

"Mwalimu, hiki kigari kimerogwa?"

"Hapana. Fikiria baiskeli. Ukisukuma mpini kwa mkono wa kushoto, baiskeli inakwenda wapi?"

Fundi alifumba macho, akashika mpini wa hewani. "Kulia."

"Basi ni hivyo hivyo. Mkono ukivuta kushoto, tiara inakwenda kushoto. Mguu ukisukuma kushoto, kigari kinakwenda kulia."

"Vyote kwa pamoja?"

"Vyote kwa pamoja."

Kichwa kilielewa. Miguu ilikataa. Kesho yake ndipo lilipozaliwa lile shati la mikono miwili ya kushoto.

Fundi hakukata tamaa. Kila alipoketi kwenye cherehani, alifanya mazoezi kwa miguu chini ya meza, kigari kikiwa akilini tu. "Mkono unavuta, mguu unasukuma," alijiambia. Wateja walimtazama kwa wasiwasi. Wengine walianza kuhakiki nguo zao kabla ya kutoka.

Siku ya kuunganisha mambo yote mawili ilifika. Walipofika uwanjani, vumbi lilikuwa likiruka na nyasi zimelala chini.

"Turudi nyumbani," alisema Mwalimu.

"Lakini upepo upo!"

"Upo mno. Na unakuja kwa vishindo. Anayeanza anataka upepo mpole usiobadilika. Kurudi nyumbani nako ni somo."

Fundi alinung'unika njia nzima. Kwa mrusha tiara, kuukimbia upepo ni jambo gumu. Lakini alirudi.

Jumapili iliyofuata upepo ulikuwa mpole. Kinyozi alikuja, uso umekunjamana. Mzee Vuta pia alikuja na kiti chake, akakaa mbali, pembeni, mahali alipoonyeshwa na Mwalimu.

"Upepo ukae ubavuni mwako," Mwalimu alimkumbusha Fundi. "Tiara ianze juu, kisha iteremshe kidogo upande unaotaka kwenda. Ukitaka kusimama, elekeza kigari upepo unakotoka, na tiara uirudishe ukingoni. Na ukichanganyikiwa?"

"Achia."

Fundi aliketi kwenye kigari, akavaa vikanda na kushika vishikio vya tiara ya kamba nne. Alivuta mkono wa kulia kidogo. Tiara iliinama kulia. Kigari kilitetemeka, kikaanza kwenda. Mawe madogo yalisagika chini ya magurudumu. Kilikwenda kwa mwendo wa baiskeli, kisha zaidi. Fundi alijikuta anacheka kwa sauti, kama alivyocheka Mwalimu siku ile. Alisukuma mguu, kigari kikaelekea upepo unakotoka, kikasimama. Aliwaashiria mumewe na baba yake kwa kichwa tu, kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi. Kinyozi alisahau kukunja uso.

Akageuza kigari, akaanza kurudi. Hapo ndipo upepo ulipokuja ghafla. Kamba zililia. Gurudumu la nyuma liliinuka kutoka ardhini.

"Vuta!" Mzee Vuta aliinuka kitini. "Vuta, mwanangu!"

"Vuta!" Kinyozi naye alidakia, kwa woga.

Fundi alichanganyikiwa kabisa. Masikio yalisikia neno moja, kichwa kilijua jingine. Mkono upi? Mguu upi? Vidole vilikaza kwenye vishikio. Aliuona mkono wake wa kulia, ule wa sindano, umekakamaa.

"Achia," alisema kwa mdomo.

Vidole vikafunguka. Tiara ikakunjamana. Gurudumu likarudi chini kwa kishindo. Kigari kiliserereka kidogo, kikasimama. Fundi alikuwa bado ameketi, mzima.

Upepo ulipotulia, Kinyozi alikimbilia kwenye kigari. Aliushika mkono wa mkewe, akavihesabu vidole kimya kimya. Mzee Vuta alifika mwisho, taratibu. Aliitazama tiara iliyolala kwenye nyasi, na kamba zilizofika mpaka kwenye vikanda vya binti yake.

"Umeiachia," alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Na haijapotea."

"Haijapotea, Baba."

Mzee alitikisa kichwa. Aliinama, akakung'uta vumbi kwenye kitambaa cha tiara, akaikunja vizuri kama alivyokuwa akimkunjia binti yake utotoni. "Nami nilikuwa nakuua kwa neno langu," alisema kwa sauti ndogo. "Mwalimu, hebu nieleze na mimi hivyo vikanda."

Kigari hakikwenda kwa wanunuzi wa vyuma. Siku hizi, upepo ukiwa mpole, Fundi hukata uwanja na kurudi. Mashati yake yana mkono wa kulia na wa kushoto, kama inavyotakiwa. Bado huchanganyikiwa mara moja moja. Lakini sasa anajua la kufanya, na hilo humtosha.

Kinyozi naye ameanza somo la kwanza, lile la kusimama. Juzi tiara ilimvuta kwa nguvu, naye akashikilia vishikio kama mtu anayeng'ang'ania nguzo. Kutoka kwenye kiti cha pembeni, mzee alisimama na kupaza sauti mpaka ndege wakaruka:

"Achia, mkwe wangu, achia! Mkono huo ndio unaoshika wembe, na kesho ni zamu ya kidevu changu!"