Deni la Marehemu Asiye na Kaburi

Ndugu wasomaji, mimi ni bibi ninayekaribia miaka themanini, mzaliwa wa pwani ya Palma, kaskazini mwa Msumbiji. Haya yalinikuta nikiwa bado msichana wa mtoto mmoja, wakati wa vita vya ukombozi.

Mume wangu Bakari alikuwa mchuuzi wa vitambaa. Kabla ya vita alikopa mali kwa mwenye duka mmoja, akashindwa kulipa, akashtakiwa kwa Wareno. Hukumu ikatoka kwamba alipe. Tukalipa kidogo, kisha mambo yakanyamaza... tukajidanganya kwamba yamekwisha! Vita vilipoharibu biashara, mwenye duka akaifufua hukumu ile. Masipai, askari wa serikali ya Wareno, wakaanza kuja kwetu. Wakachukua cherehani, wakachukua kitanda. Wakasema wakirudi watamchukua Bakari mwenyewe, akafanye kazi za kulazimishwa.

Bakari akaondoka ili avuke mto Ruvuma, akimbilie Tanzania. Muda si mrefu, kaka yake Saidi akaja analia. Bakari amezama mtoni, alisema, na mwili haukupatikana. Nililia mpaka sauti ikakauka.

Watu wakamswalia bila maiti. Kama ilivyo desturi, shehe akauliza nani anamdai marehemu. Karani wa mwenye duka akajitokeza. Saidi akainamisha kichwa. Mimi nilikuwa ndani na wanawake wenzangu. Jamani, roho ya mume wangu ibaki imefungwa kwa sababu ya vitambaa?

"Deni la Bakari nalichukua mimi," nikasema kwa sauti, watu wote wakasikia.

Toka hapo masipai wakawa wageni wangu. Eda ilipokwisha nikawa natwanga mpunga wa watu, na wao wamekaa barazani wananingoja nilipwe. Nikauza bangili. Mwisho nikauza minazi aliyoniachia mama... Ah, minazi ile! Nilipomaliza kulipa nilisujudu, nikamwambia Bakari sasa alale.

Kisha vita vikafika kijijini kwetu. Nikambeba mwanangu Zuhura, tukavuka Ruvuma pale Namoto pamoja na wakimbizi wengine. Sokoni upande wa pili, nani namwona anapima vitambaa? Bakari! Pembeni yake mke mwingine, ana mimba. Kumbe Saidi alijua yote tangu mwanzo.

Hakumshika mtoto. Hakuuliza tumefikaje. Alinivuta kando, akaniuliza polepole, "Mama Zuhura, lile deni bado wanalidai?"

"Limekwisha," nikamjibu. "Nimelilipa ili ulale vizuri kaburini."

Akashusha pumzi... akashukuru Mungu! Hakunishukuru mimi.

Dada zangu, madeni ya wafu wenu yalipeni, ni thawabu. Ila msiyabebe machozi yakiwa bado machoni, nawaomba sana. Kwanza mwulizeni aliyeleta habari, kaburi liko wapi? Mimi sikuuliza. Minazi ya mama yangu bado inazaa, na nazi zake wanaangua watu nisiowajua.