Wimbo wa Shimo la Nungunungu

Mkono ndio ulioonekana kwanza. Ulikuwa umepenya kati ya mawe mawili, vidole vimechubuka hadi nyama, na nzi wa asubuhi walikuwa wameshaupata. Wachungaji waliouona waliacha ng'ombe wao wakakimbia hadi kwa mwenyekiti wa kijiji, naye akapiga simu polisi Sumbawanga.

Inspekta Zita Kapele aliteremka bondeni Kaoze akilaani kila kona ya barabara. Alizaliwa juu, Chanji, kwenye baridi ya Wafipa, na bonde kwake lilikuwa joto na mbu tu. Lakini alipofika eneo la tukio alisahau joto. Mawe yalipoondolewa, marehemu alionekana amelala kifudifudi ndani ya mdomo wa shimo, kichwa kikielekea nje. Alikuwa amekufa akiiona njia.

Aliitwa Yonas. Mfipa wa Chala, mkulima, aliyeoa binti wa Kisukuma na kuhamia ukweni.

"Nani aliyapanga haya mawe?" Zita aliuliza.

"Sisi, afande." Aliyejibu alikuwa Mzee Ndaki, mkuu wa Wanunguli, chama cha Wasukuma wachimba nungunungu. "Shimo la nungunungu lina milango mingi. Tunaiziba yote, tunabakiza mmoja. Mwenzetu anaingia kwa tumbo na mkuki wake, anamfuata mnyama hukohuko chini. Jana alikuwa Yonas. Udongo ukamwangukia nyuma."

"Mkafanya nini?"

"Tukachimba. Tulichimba mlango ule mkubwa, ng'ambo ya kichuguu, mpaka giza likatushinda. Hatukujua kama amejisogeza mpaka huku."

"Hamkuja kusikiliza huku?"

"Tulimtuma Kashinje, manju wetu, kiongozi wa nyimbo. Ndiye aliyemwingiza Yonas chamani. Alizunguka milango yote, akarudi na giza akasema kimya."

Konstebo Gabriel aliinama pembeni ya mawe. "Afande, tazama majani." Majani yalikuwa yamelala chini, yamebanwa na uzito wa mtu. Si wa kupita. Mtu alikuwa ameketi hapo, tena muda mrefu, hatua mbili tu kutoka ule mkono.

Zita aliagiza pale pazungushiwe utepe na papigwe picha.

Mwili ulipelekwa Sumbawanga kwa uchunguzi. Watu wa Kaoze, wao, walikuwa wameshamaliza uchunguzi wao: ni mzimu. Hellena, mama wa makamo aliyekuwa akirudi kutoka shambani jana yake, aliapa kwa Bikira Maria.

"Nilisikia ardhi inaimba, mwanangu. Sauti ya kiume, chini ya miguu yangu."

"Ukaona nini?"

"Kitu cheusi kimekaa kwenye mawe, kimeinamisha kichwa kama kinasali. Nilitupa kuni zangu."

"Hukumwita mtu?"

"Nimwite nani? Nani anaita mtu aje kuona mzimu?" Akaanza kulia. "Kumbe alikuwa mtu, afande? Kumbe alikuwa anaomba msaada?"

Zita alimshika bega.

Jioni daktari alipiga simu. Marehemu alikosa hewa, lakini si mara moja. Aliishi mpaka usiku mkubwa, akichimba kwa mikono.

Msibani, Minza, mjane wa Yonas, alikuwa amekaa mkekani bila kulia. Wanawake walimwimbia, yeye alitazama mlango. Zita alimsogelea.

"Pole, mama."

"Nishapoa. Wanasema watamzika lini?"

"Mwili utatolewa kesho."

"Siulizi mwili. Nauliza chama." Minza alishusha sauti. "Walipompokea walimwapia mbele yangu. Mnunguli hafi peke yake. Akinaswa watamchimba, akifa watamzika kwa ngoma, mjane watamlimia, watoto wake watakuwa na baba kila mji. Sasa Mzee Ndaki anasema ardhi haimwangukii mtu bure. Labda Yonas alivunja miko. Aliyevunja miko chama hakimgusi, wala mkewe, wala mtoto wake."

"Miko gani?"

"Kunyamaza. Siku ya kuingia shimoni, ukishavuka kizingiti cha nyumba yako husemi na mtu mpaka utoke na mnyama. Ukinaswa unaruhusiwa kuimba tu, wakufuate kwa sauti. Nyumbani kwetu hapa nani atanilimia mimi, afande? Kwao Chala walishasema amejipeleka kwa wapagani, wamwache nao."

Nje, ngoma ilibadilika. Mwanamume mrefu alikuwa amesimama katikati ya uwanja, macho kayafumba, akiimba. Zita aliimba sauti ya pili parokiani kwao, na sauti aliijua. Hii ilikuwa nzuri, ya kazi, ya mtu aliyezoea. Lakini maneno, ingawa hakuyaelewa, yaliipita sauti yenyewe. Waombolezaji walianza kulia mmoja mmoja.

"Nani huyo?"

"Kashinje."

"Anasemaje?"

Minza alifungua mdomo kutafsiri, akasita. Uso ulimbadilika. "Anasema: 'Silvana, ukizaliwa usinitafute juani, baba yako analima chini ya shamba.'"

"Silvana ni nani?"

Minza aliweka mkono tumboni. "Asubuhi ile nilimwambia Yonas nina mimba. Alikuwa ameshika mkuki, bado yuko ndani. Akacheka, akasema akiwa wa kike ni Silvana, jina la mama yake. Kisha akavuka kizingiti. Sijamwambia mtu, afande. Hata mama yangu hajui." Alielekeza kidole uwanjani. "Na hicho Kisukuma anachoimba si chake. Kashinje amezaliwa na Kisukuma safi. Hicho ni cha kujifunza, kibovu kibovu. Ni cha Yonas."

Zita aliandika jina hilo kwenye daftari lake.

Walimhoji Kashinje katika ofisi ya kijiji asubuhi. Mzee Ndaki aliruhusiwa kukaa pembeni. Minza hakuruhusiwa na mtu. Aliingia, akaketi, na hakuna aliyethubutu kumtoa. Zita alimpa mtuhumiwa onyo, kwamba halazimiki kusema na atakachosema kitaandikwa. Gabriel akashika kalamu.

"Jina Silvana umelitoa wapi?"

"La wimbo tu, afande. Manju hutunga."

"Ukatunga jina la mama mkwe wa Minza, na mimba isiyojulikana na mtu?"

Kashinje alilamba midomo. "Aliniambia Yonas."

"Lini?"

"Njiani. Tunakwenda shimoni."

Kiti cha Mzee Ndaki kililia. Zita hakumtazama.

"Njiani. Yaani alisema?"

"Alisema."

"Vizuri. Gabriel, andika: marehemu alivunja miko. Mzee, hapo chama kinasemaje?"

Mzee Ndaki alijibu taratibu. "Kama alisema, ardhi ilikuwa na haki naye. Hatumziki. Mjane hatumlimii. Na wewe Kashinje uliyemsikiliza ukanyamaza, unatoka chamani leo."

"Hapana, mama," Gabriel alidakia, kisha akajishika. "Samahani, afande. Nataka kusema, wenzake wote waliokuwa kwenye mstari nimewahoji. Wanasema hakuna aliyefungua mdomo."

"Nimekusikia, konstebo," Zita alisema, na kwa siku nyingine angemtania. Aligeukia mtuhumiwa. "Njia ni mbili, Kashinje. Alikwambia njiani, basi wewe unakwenda nyumbani, na Yonas anazikwa na manispaa, na yule mama pale anahangaika na mtoto wake. Au hakusema njiani, na wewe ulisikia kutoka chini. Ulimwapia udugu. Chagua."

Nje jogoo aliwika, na mtu akamfukuza. Kashinje alimtazama Minza, akatazama tumbo lake, akashindwa kulitazama tena.

"Hakusema njiani," alisema. "Hakuvunja kitu. Mwandike hivyo kwanza."

Gabriel aliandika.

"Mzee aliponituma nilimsikia kabla sijafika. Alikuwa anaimba wimbo wetu wa kunaswa, lakini ameweka maneno yake. Nilishika jiwe la kwanza, afande. Naapa, nilikuwa nimelishika."

"Kwa nini hukulitoa?"

"Nilitaka kusikia ubeti uishe."

Gabriel aliinua macho kutoka kwenye karatasi.

"Mimi ndiye niliyemleta," Kashinje aliendelea. "Nilimwapia mimi, nilimfundisha mimi, hata lugha. Mavuno yaliyopita, kwenye mashindano, watu walinitunza mimi kwa adabu, yeye wakamtunza kwa kulia. Mfipa wa kwaya! Nikasema sawa, ni ndugu. Nikawa silali. Sasa yuko chini ya ardhi, mdomo umejaa vumbi, na bado ananizidi. Nikasema akimaliza ubeti huu natoa mawe. Ukaja mwingine, mzuri kuliko ule. Nikaketi. Nikawa nashika maneno moyoni, yasinipotee. Kila ubeti nasema huu wa mwisho. Halafu akanyamaza. Nikajua amekufa. Nikarudi kuwaambia kimya, na wakati huo haukuwa uongo."

"Hakuwa amekufa," Zita alisema.

"Afande?"

"Alichoka. Daktari anasema aliishi mpaka usiku mkubwa. Zile kucha alizimaliza baada ya wewe kuondoka."

Kashinje alitoa sauti ambayo si neno. Zita, ambaye katika kazi yake alishawahi kuwaonea huruma wauaji wawili watatu, alijitafuta moyoni akakuta hana ya huyu.

Mzee Ndaki alisimama, akavua kofia mbele ya Minza. "Mayu, mama yetu, tulimwacha. Yeye alikaa akisikiliza, na sisi tukakubali neno lake tukaenda kula. Yonas ni wetu. Tutachimba kaburi leo, na shamba lako tutalilima kabla ya letu. Huyo Silvana ana baba wengi."

Minza aliitika kwa kichwa. Lakini macho yake hayakumtoka Kashinje.

"Beti zote unazo?" alimwuliza.

"Ninazo."

"Niimbie."

"Mama," Zita alianza, "huyu sasa yuko chini ya ulinzi..."

"Ni maneno ya mume wangu, afande. Hayako kwa mtu mwingine duniani. Mkimpeleka nayo mimi nitamwambia nini mtoto?"

Zita alitazama pingu mezani. Utaratibu haukusema kitu kuhusu hilo. Akasogeza kiti, akaketi.

Kashinje aliimba. Aliimba vibaya, sauti ikikatika, na Minza alirudia kila mstari kwa midomo bila sauti, kama mtoto wa katekisimu. Ulikuwapo ubeti wa Silvana, na wa Minza mwenyewe, na wa mvua. Kisha akanyamaza.

"Umeisha?"

"Umebaki mmoja." Alikuwa ameuficha uso mikononi. "Huo sikuuimba msibani. Jua lilikuwa nyuma yangu. Nadhani kivuli changu kilipita kwenye mawe."

"Imba."

Hakuweza kuimba. Aliusema tu, kwa kile Kisukuma kibovu cha Yonas, na Mzee Ndaki akautafsiri kwa ajili ya afande, machozi yakimtiririka ndevuni:

"Kashinje, ndugu yangu, nimekuona. Umechoka kunichimba. Pumzika kidogo, halafu unitoe."