Pembe ya Ubao

Kiti cha mwalimu kilikuwa cha moto. Saa moja kasoro asubuhi, darasa limefungwa tangu jana, na kiti kina joto la mtu aliyenyanyuka sasa hivi. Mwalimu wa muda akakipangusa kwa kiganja, akasonya, akakaa.

Ofisini walimwita Spea, kama tairi la akiba. Miaka mitatu, shule kumi na moja, akishika vipindi vya walimu wagonjwa, na kila alikokwenda aliambiwa kipi asiguse: kikombe cha fulani, kabati la fulani. Safari hii mwalimu mkuu alimwahidi ajira ya kudumu akimaliza wiki mbili bila lalamiko. Leo ilikuwa siku ya mwisho, na mwalimu wa hesabu alikuwa ameshamchokoza getini: "Spea, leo si unarudi kwenye buti?"

Kwa hiyo aliingia kipindini amefura.

Kwenye pembe ya ubao kulikuwa na kisanduku kilichochorwa kwa chaki, ndani yake mistari iliyosokotana kama nywele, juu yake neno: USIFUTE. Siku tisa alikiacha. Leo akachukua dasta.

Kiranja, binti mwembamba wa dawati la mbele, akainuka. "Mwalimu, hapo hatufuti. Mwalimu wetu huwa anapitishia chaki kila asubuhi. Wewe hujapitishia, imefifia."

"Kwani kuna nini?"

"Amelifungia jini. Linapenda kufundisha."

"Kaa chini! Mwalimu hapa ni mimi."

Akafuta pembe yote.

Ikaja harufu ya nywele zinazoungua. Kisha watoto arobaini na wawili wakaacha kumtazama yeye, wakatazama nyuma yake, na yeye ambaye hakuwahi kumwogopa mtoto wala mkaguzi akasikia chaki ikikwaruza ubaoni polepole, na sauti ikasema, "Fungueni madaftari," na sauti ile ilikuwa yake mwenyewe, pamoja na kikohozi chake kikavu cha vumbi la chaki, naye hakuthubutu kugeuka, alitoka mbio mpaka ofisini.

"Kuna kitu darasani kwangu!"

Mwalimu wa hesabu alikuwa anasahihisha. Hakuinua kichwa. Mwalimu wa muda akamshika bega, yule akatetemeka, akaenda kufunga dirisha.

"Baridi gani hii?" alimwambia mwalimu mkuu aliyekuwa akiingia na bahasha. "Halafu hebu msikie Spea kule darasani. Leo kachangamka kweli."

"Ndiyo maana nampelekea barua yake ya ajira."

Mwalimu wa muda akamfuata mkuu korido nzima akimpigia kelele sikioni. Mlangoni mwa darasa akajiona yuko ndani: gauni lake, vumbi la chaki kwenye mkono wa gauni, akiipokea barua kwa mikono miwili.

"Hongera, mwalimu. Sasa wewe ni wetu."

"Ahsante sana, mkuu."

Hakuna mtoto aliyepiga makofi. Mkuu alipoondoka, yule wa ndani akamgeukia wa mlangoni, akatabasamu, akachukua chaki, akaanza kuchora kisanduku kwenye pembe ya ubao. Kwa mstari wa kwanza miguu ya wa mlangoni ikafa ganzi. Kwa wa pili, mikono. Kwa wa tatu sauti ikakatika. Wa nne ukafunga, na sasa aliwaona watoto wote kutokea juu, kutoka ndani ya pembe ya ubao.

Kiranja akanong'ona, "Mwalimu... hapo tusifute?"

"Msifute. Nitapitishia mwenyewe kila asubuhi. Mimi huwa siugui."