Ujumbe Uliotangazwa Jabalini

Kila alasiri Zipora alirudi kutoka shuleni, akavua sare, akala ugali na mlenda uliobaki mchana, kisha akapanda jabalini kumsaidia mama yake kazi ya simu. Siku hizo simu za mkononi zilikuwa ndiyo kwanza zinaingia vijijini. Katika kijiji chao, upande wa Hombolo, mtandao ulipatikana juu ya jabali la nyuma ya nyumba yao, na hapo tu. Kwa hiyo simu ya Mama Zipora, iliyokuwa ya pekee mtaani, ilishinda huko juu, na mwenye shida ya kupiga alipanda.

Ujumbe wa watu wengine ulipoingia, Zipora ndiye aliyeutangaza. Alisimama ukingoni, akaweka viganja kando ya mdomo na kupaza sauti: "Mzee Matonyaaa! Mwanao amefika Morogoro salamaaa!" Naye Mzee Matonya, huko bondeni kwenye zabibu zake, alijibu, "Nimesikia, mjukuu wangu! Ubarikiwe!"

Watu walimsifu, na sifa zilimkolea kwelikweli. Ikawa ujumbe ukiingia tu, mdomo unatangulia, akili inafuata nyuma.

Jumatatu moja simu ililia. Zipora akaufungua ujumbe, na hapohapo akaanza: "Dada Devotaaa! Nesi Lea anasema usisahau dawa zako za kifafaaa! Anauliza kama umeanguka tenaaa!"

Loo! Waliokuwa wakipalilia walisimama na majembe yao, wakageukia nyumba ya Devota.

Devota alikuwa fundi cherehani, mgeni aliyehamia kutoka Kongwa. Nusu ya sare za shule alizishona yeye, na hakuna aliyejua kwamba ana kifafa. Aliinuka barazani polepole, akakusanya vitambaa vyake, akaingia ndani na kufunga mlango.

"Zipora, umefanya nini?" mama yake alimaka.

"Nimetangaza tu, mama. Kama siku zote."

"Hii si ya kutangazwa, mwanangu! Ungekuwa wewe, je?"

Maneno yalikwisha kutoka, na yakimwagika hayazoleki.

Kesho yake wateja walianza kuja kuchukua vitambaa vyao ambavyo hata havijakatwa. Mmoja alisema ana haraka, mwingine akasema amebadili mawazo. Ukweli waliusemea kisimani: ati ugonjwa ule unaambukiza, na nguo aliyoishika Devota si ya kuvaa. Zipora aliyasikia yote, ndoo mkononi, na moyo ukamuuma.

Alikwenda kuomba radhi. "Shikamoo, dada Devota."

"Marahaba." Devota hakuinua macho. "Mwambie nesi asinitumie ujumbe tena. Na wewe, barazani kwangu usikanyage."

Nesi Lea alikuwa muuguzi wa hospitali ya mjini. Kila Jumatatu aliwatumia wagonjwa wake ujumbe kuwakumbusha dawa, na siku ya kliniki ilipokaribia aliwakumbusha kufika kwenye zahanati ya kijiji kuchukua nyingine. Alipopata jibu la Devota alipiga simu. Devota aliitwa, lakini alikataa katakata kupanda jabali. Siku ya kliniki ikaja ikapita. Hakutaka kuonekana kwenye foleni, na dawa zikamwishia.

Asubuhi moja ya Jumamosi Zipora alikuwa akitoka kisimani. Alimwona Devota uani akipiga pasi ya mkaa. Ghafla Devota alikakamaa, akaanguka chali, mwili ukaanza kutikisika, na pasi ikamwangukia mkononi.

Watu walikuja mbio, wakasimama mbali. "Usimguse, mtoto! Utaupata!"

Zipora aliogopa sana, tusidanganyane. Miguu ilitaka kukimbia. Lakini alijua ni nani aliyemfanya dada yule akose dawa. Alitupa ndoo, akaisukuma pasi mbali kwa fimbo, akaangalia juu ambako mama yake alikuwa ameketi na simu.

"Mamaaa! Mpigie nesi Lea! Dada Devota ameanguka!"

Mama alipiga. Nesi alisema sikioni mwake, naye akayarusha maneno bondeni kwa sauti yote aliyokuwa nayo: "Mlaze kwa ubavu! Mlegezee nguo shingoni! Msimtie kitu mdomoni! Mshikeni bila hofu, nesi anasema kifafa hakiambukizi!"

Zipora alipiga magoti, akaanza kumgeuza. Mwili ulimshinda uzito. Mzee Matonya akasogea, akatupa fimbo yake chini, akashika mabega. "Twende, mjukuu wangu. Taratibu." Wengine waliona haya, wakaleta maji ya kupoza mkono ulioungua. Baada ya muda kutikisika kulikoma, na Devota akafumbua macho.

Siku hiyohiyo nesi Lea alifika na dawa. Alimfunga kidonda, kisha akamsikiliza Zipora, aliyekuwa akilia mlangoni bila kuthubutu kuingia.

"Kosa la kwanza ni langu," nesi alisema. "Niliandika jina la ugonjwa kwenye simu ya watu wote. Devota, simu hii inaweza kukusaidia ukae miaka bila kuanguka. Lakini tutaitumiaje? Amua wewe."

"Unibipu tu," Devota alisema. "Nikiona namba yako nitajua ni dawa. Nitapanda mwenyewe nikubipu. Mara moja, sijambo. Mara mbili, nimeanguka." Kisha akamtazama Zipora. "Na wewe utakuja kuniita. Kwa miguu."

Si wateja wote waliorudi. Wa kwanza alikuwa Mzee Matonya, na suruali iliyochanika magotini.

Jumatatu iliyofuata simu ililia mara moja ikakatika. Zipora aliteremka jabali bila kusema neno. Njiani alikutana na rafiki yake Miriam.

"Ujumbe wa nani leo? Mbona hutangazi?"

"Wa mwenyewe."

"Niambie basi, sitamwambia mtu."

"Nimesema, wa mwenyewe."

Devota alikuwa nyuma ya ua, akasikia yote. Alitoka, wakapanda pamoja. Huko juu Mama Zipora alimpa simu, akamwekea kigoda.

"Binti yako anajifunza," Devota alisema.

"Wote tunajifunza," Mama Zipora alijibu, akimtazama mwanawe. "Simu inaleta habari upesi, Zipora, lakini haijui ipi ya watu wote na ipi ya mtu mmoja. Hilo linabaki kuwa kazi yetu. Habari ya mgonjwa ni mali yake, na asipokupa ruhusa, usiiguse."

"Nimeelewa, mama."

Devota alitafuta namba ya nesi Lea, akabipu mara moja, akarudisha simu.