Brashi ya Fundi Picha

Fundi picha alikuwa na mdomo mtamu kwa wateja na ngumi kavu kwa mkewe. Kila mwaka, tarehe waliyooana, aliitegesha kamera ipige yenyewe, akakimbia kukaa kando ya mkewe na kumwekea mkono begani. Picha hiyo aliitundika dirishani mwa studio. Wapita njia wakasema, "Ona watu wanavyopendana." Watu huona kioo, nyumba hawaioni.

Maana kabla ya kuitundika alikaa na brashi nyembamba kama kope, akafuta. Jicho lililovimba, alilifuta. Mdomo uliopasuka, aliuziba kwa rangi. Miaka kumi na moja.

Mwaka wa kumi na mbili alimpiga asubuhi, mchana wakapiga picha, jioni brashi ikaisha nywele. Akamtuma mkewe dukani. Jua linazama, mke akarudi mikono mitupu.

"Brashi iko wapi?"

"Wamefunga, baba watoto."

"Wamefunga." Akacheka kidogo. "Basi utanipa wewe."

Akamkamata nywele za kisogoni, akampigiza kichwa ukutani mara mbili, akavuta. Zilitoka na ngozi. Akazifunga kwa uzi kwenye kijiti cha ile brashi, akazilamba zichongoke, akakaa mezani.

Mke alibaki sakafuni. Aliomba jambo moja tu, kesho imkute hai, maana binti yao wa miaka minane alikuwa amejifungia chumba cha pili, na baada ya mama zamu ingekuwa yake.

Brashi ikaanza.

Sss... sss...

Harufu ya dawa za picha, kali kama siki. Na jicho la mke, lililoziba tangu asubuhi, likafunguka. Halimuumi.

Mezani mume akaguna. "Taa hii ina nini?"

Taa haikuwa na neno. Jicho lake ndilo lililovimba, jeusi kama tako la sufuria.

Mkaidi hana breki. Akaendelea. Akafuta mdomo wa mke pichani, wake ukapasuka. Akachora jino la mke lililong'oka, na la kwake likadondoka ndani ya kibakuli cha rangi.

Tik.

Hapo akaitupa brashi.

"Umenifanya nini, mchawi wewe?" alinong'ona.

"Mimi nimetoa nywele tu."

Akaupapasa wembe wa kukatia picha mezani, akamwendea kwa jicho moja. Mke akapita chini ya mkono wake, akaiokota brashi, akaivuta picha.

"Bado shingo," akasema.

Shingoni pake pichani palikuwa na alama za vidole kumi, za kukabwa asubuhi. Akafuta cha kwanza.

Koo la mume likabonyea. Hakuna mkono.

Akafuta cha pili. Cha tatu. Wembe ukaanguka.

"Mama watoto... naacha..."

"Hata mwaka juzi uliacha."

Cha saba, alikuwa amepiga magoti. Cha tisa, miguu ilikuwa ikipiga meza.

Cha kumi... kimya.

Waliokuja kumwosha walipima alama zile. Zilikuwa za vidole vyake mwenyewe, mpaka alama ya pete yake. Na mke hakuwa na mkwaruzo hata mmoja, wamshtaki kwa lipi?

Studio akairithi yeye. Brashi hakuichoma, na viberiti havikukosekana. Ila hakukubali tena kupigwa picha pamoja na mtu, hata na binti yake.

Mpaka binti alipokuwa anaolewa, akabembeleza. "Mama, moja tu. Mimi na wewe." Kamera ikategeshwa, wakakaa.

Jioni mama akaitazama picha mezani. Binti, uso laini kama yai. Yeye, kunyanzi tupu. Uzee hauna adabu. Mstari mmoja tu, akajiambia, huu mdogo chini ya jicho. Nani atajua?

Droo ikafunguka.

Sss...

"Mama," binti akaita akiwa mbele ya kioo cha chumba cha pili, "hebu njoo unitazame hapa chini ya jicho."